Uliza Imebeba Nini

Ukitaka kuudanganya ukoo mzima kwa siku moja, rudisha maileji ya Probox nyuma, kisha ipeleke kwa mkutano wa familia. Hakuna atakayeuliza kitu kingine. Wazee watavaa miwani, watainama mlangoni, watasoma zile tarakimu sita nyuma ya usukani kama wanaosoma matokeo ya KCSE, halafu watasema: hii bado ni mpya. Nimeyaona haya mwaka huu na nimechoka kunyamaza.

Binamu yangu anauza omena. Ananunua Sori na Mbita, anapeleka Migori mjini, na siku za soko anafika hadi Isebania mpakani. Kwa miaka sita amelipia kila gunia nafasi kwenye gari la mtu mwingine, na yeye mwenyewe akalipa nauli akikalia kona ya lile gunia. Ameweka akiba kwenye chama, akaongeza kitu kidogo alichoachiwa na marehemu baba yake, na sasa ana karibu laki tano. Anataka gari. Yako mawili mbele yake, na bei zao zinapishana kwa elfu ishirini tu.

La kwanza liko Rongo. Ni Probox ya 2013, umbo la zamani, iliingia nchini 2020, nyeupe, ile nyeupe ambayo sote tunaijua. Imefanya kazi steji tangu ifike. Odometa inasoma 148,000. La pili liko Homa Bay mjini kwa mwalimu mmoja mstaafu: Fielder ya 2005, umbo la kwanza, ambayo aliinunua 2012 ikiwa imetoka tu Mombasa. Odometa yake inasoma 287,000. Magari yote mawili yana injini ileile, 1NZ ya ujazo wa 1500, ile yenye mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na ambayo kila fundi wa huku anaifungua akiwa amefumba macho.

Familia haikuhitaji hata kujadiliana. Probox. Anko alishakamilisha mpango kabla chai haijaiva: gari lipewe dereva, liingie steji ya Rongo kwenda Homa Bay, lilete elfu mbili kila jioni. Nikauliza, na omena je? Akasema omena iendelee kupanda magari ya watu kama kawaida, kwa sababu Probox itakuwa kazini. Yaani mtu ananunua gari ili aendelee kulipia gari. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Nitaweka msimamo wangu mezani mapema ili usinisome hadi chini ukitafuta usawa. Gari la kununua ni la mwalimu, lile la 287,000. Probox ya Rongo, hata ukipunguziwa laki, usiiguse. Na huo ushauri wa kuiingiza steji, ambao kila kijana asiye na kazi Migori na Homa Bay ameshapewa na mtu aliyevaa kofia nzuri kuliko yake, ni ushauri mbaya unaotolewa na watu wanaojua kwamba ni mbaya.

Tuanze na hesabu, ya darasa la sita tu. Rongo hadi Homa Bay ni kama kilomita 30. Probox ya steji ikienda na kurudi mara nne kwa siku, hiyo ni 240. Ipe Jumapili ipumzike, ipe na siku za gereji, ifanye kazi siku 300 kwa mwaka: 72,000. Zidisha kwa miaka mitano, unapata 360,000. Sasa rudi kwenye ile 148,000. Hata tukikubali kwamba ilishuka Mombasa ikiwa na sifuri, kitu ambacho hakiwezekani kwa gari la mizigo lililofanyishwa kazi Japani miaka saba, basi hapa kwetu imekuwa ikitembea kilomita 81 kwa siku. Yaani kwenda na kurudi mara moja, kisha kuondoka tena Rongo, kukaribia Rodi Kopany, na kulala hapo. Dereva gani huyo?

Nilimuuliza broka. Akaniambia, "Buda, hii ilikuwa ya daktari." Bana, kila Probox inayouzwa Kenya ilikuwa ya daktari. Sijui hao madaktari hutibu saa ngapi.

Kuna njia za kuubana uongo huu hata bila mashine. Kiwango cha KEBS cha magari, KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane. Lile umbo la zamani la Probox liliachwa 2014, Toyota walipoibadilisha sura. Kwa hivyo kila Probox ya umbo la zamani unayoiona sokoni imekuwa kwenye barabara zetu angalau tangu 2022. Hakuna cha "imetoka tu Japani." Halafu kule kwao gari la mizigo la aina hii hukaguliwa baada ya miaka miwili ya kwanza, na baada ya hapo kila mwaka, na kilomita zake huandikwa kwenye cheti. Aliyeliagiza gari alipata makaratasi yenye namba hiyo. Muulize muuzaji nakala. Akianza kukuambia habari za kompyuta iliyoharibika, nenda ukanywe chai.

Lakini sikuandika haya ili nipigane na odometa. Odometa hata ikisema kweli tupu haikuambii unachohitaji kujua, na hapa ndipo sote tunapotea, wazee wetu na wale wataalamu wa magari wa Nairobi pia.

Zunguka nyuma ya Probox ambayo haijapakwa rangi upya. Kwenye mlango wa buti mara nyingi utakuta stika ndogo ya Kijapani, na ndani yake tarakimu ambazo hazihitaji mkalimani: 400(250)kg. Umeiona mara mia ukiwa umekwama nyuma yake Awendo siku ya soko. Sheria ya Japani inataka gari la mizigo liandikwe uzito ambalo linaruhusiwa kubeba, na hiyo ndiyo maana yake: wakikaa watu wawili mbele, pakia kilo 400, wakikaa watano, pakia kilo 250, basi. Wajapani huhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55. Jumlisha watu na mzigo, utaona gari lilitengenezwa kubeba kati ya kilo 510 na 525.

Sasa njoo Rongo saa kumi na mbili asubuhi. Wawili kwenye kiti cha abiria mbele. Mmoja anagawana kiti na dereva, na dereva mwenyewe amekaa upande kama mtu aliyealikwa. Wanne katikati. Watatu kwenye buti, magoti yakigusa kidevu. Hao ni abiria kumi na dereva mmoja, na ukiwapa kila mmoja kilo 65 wamefika 715. Tumeshapita kipimo cha kiwandani kwa karibu kilo 200, na bado hatujafunga gunia hata moja juu ya keria.

Uzito huo hauonekani kwenye odometa. Unaonekana kwingine. Breki zilizoundwa kusimamisha gari la kilo fulani zinasimamisha kitu kingine kabisa, kila siku, kwenye kila mteremko na kila tuta. Springi za nyuma zinalala, fundi anaongeza nyingine ngumu zaidi, na sasa mshtuko uliokuwa ukimezwa na springi unapelekwa kwenye bodi. Bodi inapasuka pale springi zinapokaa, inachomelewa, inapasuka kando ya pale ilipochomelewa. Klachi inaungua. Injini inapanda mlima ikiwa na gia ya pili na joto lake linajulikana na radieta peke yake. Kilomita moja ya namna hiyo haiwezi kuitwa kilomita moja. Mwalimu akienda shuleni peke yake na mfuko wa vitabu, kilomita 20 kwa utulivu, na Probox ikienda umbali huohuo na watu kumi na mmoja, odometa zote mbili zinaandika 20. Ni kama kusema mtu aliyetembea kutoka Oyugis hadi Kendu Bay mikono mitupu na mwingine aliyebeba jiwe la kusagia wamechoka sawa kwa sababu wametembea njia moja.

Kwa hivyo achana na swali la imetembea kiasi gani. Uliza imebeba nini.

Wazee watasema hii si mpya, tulibebana hata wakati wa Peugeot. Kweli, na nafurahi wanaikumbuka, kwa sababu Peugeot inanisaidia. Kabla ya Probox, stesheni wagoni kama wanavyoiita wao ilikuwa Peugeot, 404 kisha 504, na heshima yake haikutoka kwa matangazo. 404 ilishinda Safari 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Na ile 504 ndefu ya familia ilitoka kiwandani ikiwa na safu tatu za viti. Aliyeichora alijua kwamba watu watakaa kule nyuma, akaweka chuma chini yao. Probox ilizinduliwa 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, na aliyeichora aliwaza maboksi ya vipuri, printa, mashuka ya hoteli. Buti yake ni ya maboksi. Tumeipenda kwa sababu haikatai kitu, na tumeamua kwamba kutokatai ni sawa na kuweza.

Twende kwenye pesa, maana hapa ndipo anko anadhani ananishinda. Tuseme nauli ni 150. Tuseme petroli ni 180 kwa lita, tukisahau kwamba Oktoba 2023 EPRA iliifikisha zaidi ya 217 Nairobi. Gari likiwa limejaa linakula lita moja kwa kilomita 12, kwa hivyo kwenda na kurudi ni lita tano, 900. Ukibeba watu wanne, idadi ambayo viti vya gari hili vinatambua baada ya dereva, unapata 600 kwenda na 600 kurudi. Toa mafuta. Umebaki na 300. Fanya hivyo mara nne kwa siku, una 1,200, na hujamlipa dereva, hujalipa steji, hujalipa kaunti, hujanunua tairi, na hujapita kwenye vizuizi ambavyo sote tunajua vinapitwa vipi. Elfu mbili za anko ziko wapi?

Ziko kwa abiria wa tano hadi wa kumi. Hao sita wanaleta 900 kila upande, 1,800 kwa safari nzima, na mafuta yanabaki karibu yaleyale. Faida yote ya biashara hii, kila shilingi ambayo mwenye gari anapeleka nyumbani, imekaa kwenye buti na kwenye nusu ya kiti cha dereva. Ondoa abiria wasiostahili kuwemo, biashara inakufa kabla ya saa sita mchana.

Hivyo anayekuambia ununue Probox uiingize steji hakuambii ubebe watu. Anakuambia ubebe watu kupita kiasi, kila siku, bila siku hata moja ya kufuata sheria, kwa sababu siku ya kufuata sheria ni siku ya hasara. Na likitokea la kutokea pale kona, mwenye gari atagundua kwamba bima aliyokata ilikuwa ya gari la kibinafsi, na kwamba karatasi yake inasema waziwazi haihusu kubeba watu kwa nauli. Kampuni itarudi nyuma hatua mbili. Atabaki yeye, logibuku, na familia kumi zinazomtafuta.

Na logibuku yenyewe huenda haipo. Wengi wa hawa wenye magari walikopa kwa kuiweka dhamana, riba inahesabiwa kwa mwezi, na mkopeshaji haulizi kama leo mvua ilinyesha au kama dereva alilewa. Ndiyo maana dereva wa Probox anakimbia vile. Tunamtukana barabarani kana kwamba ni tabia yake. Ana elfu mbili za mwenye gari kichwani, na mwenye gari ana mkopo kichwani, na abiria aliyekaa naye kiti kimoja ana mkono juu ya gia.

Nasema haya nikijua jinsi ushauri huu unavyotolewa kwa upendo. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ilipokataa, na tangu siku hiyo sijahudhuria matanga hata moja bila mtu kuniweka kando na kuniambia, "Omera, wewe tafuta tu Probox." Hawaniambii nitafute kazi, kwa sababu wanajua hakuna. Hawaniambii nirudi chuo, kwa sababu wataulizwa pesa. Probox imekuwa jibu la kila kitu tusichotaka kuzungumzia. Kijana hana ajira, Probox. Kiwanda cha sukari kimechelewesha malipo, mzee auze ng'ombe wawili anunue Probox. Hata serikali iliyoingia kwa jina la hasla inatuimbia wimbo huohuo wa jiajiri, na Hazina ya Hasla iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilianza na mikopo ya shilingi 500 hadi 50,000. Elfu hamsini hainunui Probox. Labda inanunua injini ya mitumba ya kuweka kwenye Probox iliyokufa.

Halafu serikali hiyohiyo ndiyo inayofanya hiyo Probox iliyochoka iwe ghali. Desemba 2015 waliweka ushuru wa bidhaa wa bei moja, 200,000 kwa kila gari lililozidi miaka mitatu, liwe la mchuuzi au la mheshimiwa. Kelele zilipigwa, mwaka uliofuata wakarudi kwenye asilimia. Julai 2023 ushuru wa forodha ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Kila wanapofanya hivyo, gari jipya kutoka bandarini linapanda, na la zamani lililo huku linapanda nalo, kwa sababu ndilo pekee ambalo mtu wa laki tano anaweza kulifikia. Gari linazeeka na bei yake inakua. Hapa hakuna reli, na ukishatoka lami kubwa ya Migori kwenda Kisii hakuna basi la kukungojea. Pale ambapo pangekuwa na usafiri wa umma pana Probox. Michuki aliifunga matatu mikanda 2004 na kuipunguzia watu, Matiang'i akarudisha kanuni hizo kwa kishindo Novemba 2018, na mara zote mbili msako ulipopoa watu wa Ndhiwa na Nyatike bado walihitaji kufika hospitali.

Hili sitalikataa. Nimezaliwa na kulelewa huku. Saa nane usiku mama akishikwa na uchungu Magunga, kinachokuja ni Probox. Maiti ikisafirishwa kutoka mochari, jeneza liko juu ya keria ya Probox na waombolezaji wako ndani. Mtoto akienda bodingi na sanduku na godoro, Probox. Anayesema magari haya yapigwe marufuku kesho asubuhi hajawahi kusimama Rodi Kopany akinyeshewa. Lakini huduma ambayo gari linaitoa kwa jamii ni kitu kimoja, na wewe kununua mabaki ya gari hilo kwa pesa za marehemu baba yako ni kitu kingine. Mtu anaweza kumheshimu ng'ombe aliyelima shamba la kijiji kizima bila kumnunua akiwa na miaka kumi na minane.

Sasa hawa wataalamu wa Nairobi. Wana kanuni yao: usinunue gari lililopita laki moja. Wanaisema kwa sauti ya mtu anayekuokoa. Kanuni hii ndiyo inayowalisha wanaorudisha maileji nyuma, kwa sababu ukiwaambia watu laki moja ndiyo mwisho, soko litakuletea magari yenye 98,000 mpaka ushangae. Na kanuni hiyo inamtupa mwalimu wangu. Fielder yake ina 287,000, na hiyo namba inajieleza yenyewe. Ilifika na kama 90,000, ana karatasi. Miaka kumi na mitatu mikononi mwake, kama 15,000 kwa mwaka: shule, kanisa, soko, Kisumu mara moja kwa mwezi kuangalia macho. Hesabu inafika palepale odometa ilipo. Nina daftari lake mbele yangu, la kurasa 96, ameandika kwa mkono ule wa walimu wa zamani kila alipobadilisha mafuta ya injini, tarehe, kilomita, bei, na jina la fundi. Kuna ukurasa wa 2017 ambapo ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba fundi fulani asirudiwe.

Sikuambii gari hilo ni zuri. Linakunywa mafuta ya injini kidogo, mwalimu mwenyewe amesema, na ndani ya buti kuna chupa ya lita moja kwa kazi hiyo. Bushi za mbele zinalia. Rangi ya boneti imekufa kwa jua. Dirisha la nyuma kushoto halishuki isipokuwa ulisaidie kwa mkono. Mpe fundi elfu sitini na miezi miwili, litakuwa gari. Lakini niliinua zulia la buti nikaona chuma cha kiwandani, hakuna mahali pamechomelewa. Mlango wa buti unashuka na kufunga bila kupigwa. Kiti cha dereva kimechoka sawasawa pande zote mbili, kwa sababu siku zote alikuwa akikikalia mtu mmoja.

Kwa ile ya Rongo, kiti cha dereva kimelala upande mmoja kama mashua. Raba ya pedali ya breki imeisha hadi chuma kinang'aa, kwenye gari la kilomita 148,000. Paa limeingia ndani pale miguu ya keria inapokaa. Chini ya zulia la buti kuna matundu manne yaliyotobolewa kwa drili, mahali ambapo benchi lilikuwa limefungwa, na mtu ameyaziba kwa gundi na kupaka rangi juu yake jana au juzi. Nyuma, pale stika ilipokuwa, pana mraba mweupe zaidi ya mlango wote. Nilimwonyesha anko mraba huo. Akasema ni vizuri wameitoa, ilikuwa inaharibu sura.

Anko bado anasema nina maneno mengi kwa mtu asiye na gari, na amemwambia binamu yangu asisikilize watu wa kuandika. Kwa hivyo wiki iliyopita nilinyamaza, nikampeleka Homa Bay aone mwenyewe. Wanunuzi wengine wawili walikuwa wamefika asubuhi hiyo, mwalimu alituambia. Wakafungua mlango wa dereva, wakaona 287, wakaufunga, wakashukuru. Binamu yangu hakufungua mlango wa dereva. Alienda moja kwa moja nyuma, akainua mlango wa buti, akauliza kama viti vya katikati vinalala. Mwalimu akavilaza. Akaingia nusu mwili, akapima kwa mikono urefu na upana, vile anavyopima ufukweni, midomo ikihesabu.

"Saba," akasema. "Nane, kama moja litakaa mbele na mimi."

Halafu akamgeukia mwalimu na kumuuliza bei ya mwisho.